Maziwa ya Mwanaidi

Mwanaidi amekufa, na mimi nimekasirika. Najua si adabu. Msiba una maneno yake na yote nimeyasema: nimesema inna lillahi, nimesema Mungu amlaze pema, nimesema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nimeyasema kwenye simu, nimesimama dirishani kwangu hapa Deira, huku kwa Waarabu, huku chini watu wa kago wakizungusha utepe wa gundi kwenye maboksi ya kwenda Dar, krrr, krrr, hata ndugu yake wa Tanga akauliza, "Raya, unachana nguo?" Nikamwambia sichani kitu. Nilipokata simu nikamtukana mtu kwa sauti, peke yangu, katikati ya vitambaa na cherehani, na mtu mwenyewe keshakufa zamani na kaburi lake silijui. Tusi lile nilikuwa nimeliweka muda mrefu. Ijumaa hii tunamsomea Mwanaidi khitma chumbani kwangu, na binti yake Rehema, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Garhoud, ameniambia atawahi kuja kwa sababu ana jambo la kuniuliza. Jambo lenyewe nalijua. Kwa hiyo tangu jana nashona huku mwaka ule ukinipita mbele ya macho, mwaka mmoja tu, na sijui kwa nini umekataa kuzeeka pamoja nami.

Nilikuwa binti bado, na ulimi wangu ulikuwa haujajua kukaa ndani. Tuliajiriwa katika nyumba ya watu wakubwa. Jina lao silitaji, na wala si kwa heshima. Sitaki tu linikae mdomoni. Nyumba gani ile, ulikuwa mji. Kulikuwa na upande wa wanaume ambao sikuwahi kuukanyaga, na upande wa wanawake, wenye zulia la kuzamisha miguu na baridi ya kiyoyozi iliyotuvalisha sweta mwezi wa Agosti. Kila mwanamke aliyelipwa mle alikuwa na cheo chake, na cheo kilipimwa kwa kitu kimoja: unasogea kiasi gani kwenye mwili wa mwenye nyumba. Aliyepika chakula hakukipeleka. Aliyekipeleka alikuwa juu yake. Aliyemimina kahawa alikuwa juu ya aliyepeleka chakula, na aliyemsuka Madam nywele alikuwa juu ya wa kahawa, na alitembea hivyo. Nasikia hata kwenye majumba ya wafalme wa zamani, Uzunguni na Uhindini na kwingineko, mambo yalikuwa haya haya. Mwanamke wa kumvisha malkia aliwatazama wa jikoni kwa jicho la pembeni, na wote walikuwa kwenye mshahara, na wote wangeweza kufukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Nasikia pia kwamba aliyemnyonyesha mwana wa mfalme alipewa jina na nyumba, na alipokufa alizikwa kwa heshima. Sijui kama ni kweli. Kama ni kweli, basi wafalme wale walikuwa na haya kuliko watu niliowafanyia kazi mimi.

Kazi yangu ilikuwa nguo na udi. Asubuhi nilitundika nguo za Madam na za Bibi Mkubwa, mama mkwe wake, juu ya tundu la fito za mbao, nikaweka chetezo cha makaa na udi chini yake, nikakaa kulinda cheche zisiruke. Jioni, wageni wakija, kazi yangu ilikuwa ya mwisho. Wakishakula, wakishakunywa kahawa na kujipaka mafuta ya waridi viganjani, Bibi Mkubwa alinitupia jicho, nami nikapita na chetezo kwa mmoja mmoja. Kila mwanamke alifungua shela yake, moshi ukaingia, akaifunga, akanyanyuka. Watu wale wana desturi yao: udi ukishapita mgeni haketi tena. Ukiondoka kabla haujaja, umemvunjia mwenye nyumba heshima. Ukibaki baada ya kupita, huna adabu. Kwa hiyo mimi, niliyelala chumba cha nyuma ya jiko, ndiye niliyekuwa nimeshika ruhusa ya kuondoka kwa wake za watu wakubwa. Nililicheka jambo hilo sana siku za mwanzo. Nilimwambia Njeri, "Hawa wananisubiri mimi!" Njeri alikuwa Mkenya wa Nakuru, msaidizi wa jikoni, na hakuwa mtu wa kuvutiwa upesi. "Wanakusubiri wewe ama wanasubiri moshi?" akaniuliza.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vya juu na chini, na magodoro yaliyokwisha kushika harufu ya iliki na vitunguu. Nililala juu, Mwanaidi chini yangu, Njeri ng'ambo. Tulikula wali uliorudi kutoka kwa wageni, sinia nzima pengine haijaguswa hata ukingo, mbuzi amekaa juu yake, na Njeri alikuwa akikasirika kila siku upya. "Hawa watu wanapikia macho," alikuwa akisema, huku anajaza sahani. "Kwetu hii ni harusi mbili." Mwanaidi hakuwa akisema mengi mezani. Alikuja kuwa yaya, mwanamke mrefu, mpole, anayecheka kwa pua, na kule Tanga alikuwa amemwacha Rehema kwa mama yake, mtoto wa miezi minne, kwa sababu wakala alimwambia nafasi haimngoji mtu kuachisha ziwa. Maziwa yenyewe hayakuambiwa habari ya nafasi. Siku zile za kwanza alikuwa akiingia msalani, anajikamua ndani ya sinki, anafungua bomba ili tusisikie. Tulisikia. Nilisikia na simu yake pia, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameuweka mkono mdomoni. "Mama, anakunywa nini? ... Uji wa mchele? ... Mwepesi? ... Haya. Haya, mama." Alipomaliza akageukia ukutani. Mimi nikainama kutoka juu nikamwambia asijali, watoto wa uji huwa hodari. "Nyamaza, Raya," akasema. Na mimi nisiyenyamaza, nikanyamaza.

Mtoto ambaye Mwanaidi aliletwa kumlea aliitwa Nasir, na alikuwa akifa. Sikuzi neno. Madam, mama yake, alikuwa amepasuliwa, na dawa alizopewa zilimkataza kunyonyesha, na maziwa ya kopo kila yalipoingia yalirudi. Madaktari walikuja na mikoba yao, makopo yakabadilishwa, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya soya, na mtoto akazidi kukunjamana usoni mpaka akawa na sura ya mzee. Alikuwa hana nguvu tena ya kulia kwa sauti. Asubuhi moja nilikuwa nikitundika nguo za Bibi Mkubwa chumbani kwake, na Mwanaidi amekaa chini na mtoto mapajani, na mtoto akatoa kile kilio chake chembamba, na gauni la Mwanaidi likalowa kifuani, pande zote mbili. Bibi Mkubwa aliona. Alikuwa bibi yake Nasir, mama wa baba yake, mwenye nyumba hasa, mwanamke mwenye magoti mabovu na tasbihi isiyotoka mkononi. Kiswahili alikijua, kikuukuu, cha kuokoteza, kwa sababu alilelewa na mwanamke wa kwetu.

"Maziwa iko wewe," akasema.

"Ni ya mwanangu, Mama."

"Mwanao mbali. Huyu hapa."

Sentensi ile mpaka leo nikiikumbuka sindano inanichoma kidole. Mwanao mbali! Nani aliyemweka mbali? Lakini Mwanaidi hakuwa mimi. Alimtazama mtoto, akamfuta mate, kisha akasema polepole, kwa heshima zote, kwamba akimpa ziwa mtoto huyu atakuwa mwanawe, na Rehema atakuwa dada yake wa kunyonya, ndugu wa ziwa moja, na kwamba jambo hilo halifichwi, maana watoto wakikua hawajui wanaweza hata kuja kuoana. "Kwetu lazima watu wajue, Mama," akasema. Bibi Mkubwa akaweka mkono wake kichwani mwa Mwanaidi. Niliona. Akahamia kwenye Kiarabu ili maneno yake yakae sawa, na Kiarabu kile nilikielewa. Alisema hata kwao halifichwi. Alisema yeye mwenyewe alinyonya kwa mwanamke wa Sawahili, akamwita mama mpaka alipokufa. Alisema mtoto akikaribia kuacha ziwa atawaalika wanawake wakubwa, na atasema mbele yao kwa kinywa chake. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Bismillah," akasema. "Mpe." Mwanaidi akampa. Mtoto akashika kwa nguvu ambayo hatukujua anayo, na Bibi Mkubwa akalia, na mimi nikalia, na cheche ikaruka ikatoboa pindo la gauni la hariri na hakuna aliyenigombeza.

Kuanzia siku ile cheo cha Mwanaidi kilipanda kuliko cha yeyote mle ndani. Aliketi kwenye kochi, sisi wengine tukapita tukiinama. Njeri aliamrishwa ampikie mchuzi wa kuku wa kienyeji, supu ya mbuzi, uwatu, uji wa samli na tende. Alivileta mwenyewe kwenye trei, anapiga saluti. "First lady, supu yako. Tutapata appointment lini?" Mwanaidi alikuwa akicheka kwa pua mpaka mtoto anaachia ziwa anamshangaa. Nasir alinenepa, akapata mikunjo mapajani. Mwanaidi alimsemesha Kiswahili mchana kutwa, na habari alizompa zilikuwa za upande mmoja tu. "Dada yako ameota jino." "Dada yako amesimama leo, kashika stuli." Akipiga simu nyumbani alikuwa akimwambia mama yake, "Mwambieni Rehema ana kaka," na upande wa pili tulisikia kicheko. Tulimshauri aombe kitu, wakati bado anahitajiwa. Njeri alimwambia aombe nyumba. Mimi nilimwambia aombe aletewe mtoto wake. Akatikisa kichwa. Alikuwa akitaka neno lile tu, lililoahidiwa, lisemwe.

Watu nikiwahadithia huniuliza, neno tu? Nami huwakasirikia. Fikirini basi! Neno lile likisemwa, Rehema amempa kaka yake maziwa. Lisiposemwa, Rehema ameibiwa. Hakuna la kati. Mwanaidi alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana alikuwa akihesabu si siku za kwenda kwao bali meno ya Nasir, akijua yakitimia ya kutafunia, wageni wataitwa.

Wageni waliitwa. Ilikuwa alasiri, ukumbi wa wanawake umejaa, dhahabu mikononi mpaka viwiko. Miongoni mwao alikuwamo mke wa mtu mkubwa kuliko hawa wetu, na nyumba nzima ilikuwa imesuguliwa kwa ajili yake. Mwanaidi alivaa gauni jipya, la vifungo mbele, nililomshonea mimi. Alisimama nyuma ya kochi la Madam, mikono ameifumbata, anangoja. Kahawa ikamiminwa. Nasir akapitishwa mikononi, akabusiwa, akatemewa mate ya kuondoa jicho. Yule mgeni mkubwa akampakata, akamfinya shavu. "Mashallah! Huyu kanona hivi, kanyonyeshwa na nani?"

Hapo ndipo mahali pake. Mlango uliojifungua wenyewe, hata kubisha hakukuhitajika. Mwanaidi akainua uso. Madam akatazama pete zake. Bibi Mkubwa akazungusha tasbihi, akatabasamu, akasema, "Na mama yake. Nani mwingine?"

Nasir alikuwa amechoka na manukato ya watu. Akaanza kulia, akajisokota, akawekwa chini, na kwa miguu yake ile ya kuyumba akakata ukumbi mzima, akashika kochi, akazunguka nyuma, akamkumbatia Mwanaidi magotini. Mwanaidi akambeba, angefanya nini? Na mtoto, mbele ya watu wote wale, akapeleka mkono kwenye vifungo, akafungua cha kwanza, akafungua cha pili, kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Vikombe vikasimama. Nani alihitaji maelezo? Bibi Mkubwa akanitupia jicho. "Raya," akasema. "Udi."

Chetezo kilikuwa mkononi mwangu, makaa yamewiva, moshi unapanda. Sikupita. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye walisema niliganda kwa woga. Woga gani? Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka, na nilisimama kwa makusudi, nikajua kwamba nisipopita hakuna mwanamke hata mmoja mle ndani atakayeweza kunyanyuka. Waliketi. Walitazama chetezo, walinitazama mimi. "Udi, yalla," akasema tena. Mwanaidi akaniona, akaelewa. Akasema kwa Kiarabu chetu cha jikoni, lakini kila mtu alikisikia, "Huyu ni mwanangu wa kunyonya. Mama aliniahidi atasema leo."

"Anacheza tu," Bibi Mkubwa akasema. "Watoto hushika chochote."

"Basi apa, Mama. Sema wallahi kwamba mimi sikumnyonyesha, na mimi sitafungua mdomo tena mpaka kufa kwangu."

Bibi Mkubwa alikuwa mtu wa sala na funga za Jumatatu na Alhamisi. Alifungua kinywa, akakifumba. Akajiinua kwa taabu, akavuka zulia na magoti yake yale, akaja mpaka nilipo, akaninyang'anya chetezo. Aliungua kidole, nilimwona akishtuka. Kisha akapita mwenyewe, mwenye nyumba, kwa mkono wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, mgeni kwa mgeni. Nao wakafungua shela zao, wakapokea moshi, wakazifunga, wakaondoka bila kutazamana. Hakuapa. Hilo namkubalia. Lakini hakusema, na hilo simsamehe, na atakayeniambia marehemu hasemwi akaniambie nje ya nyumba yangu.

Asubuhi yake begi la Mwanaidi lilikuwa getini. Juu ghorofani Nasir alikuwa akilia, safari hii kwa sauti nzito ya mtoto aliyeshiba vizuri mwaka mzima, na gauni nililoshona lilikuwa limelowa tena pande zote mbili. Alipandishwa ndege siku hiyo hiyo. Mimi nilirudishwa ofisini kwa wakala, wakaambiwa huyu hasikii amri, khalas, na ofisi ikanipeleka kushona, na kushona kukanilea mpaka leo. Mwanaidi alipofika Tanga, Rehema alimkimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Maziwa yalikuwapo bado na mtoto hakuyataka. Nalo lile la kaka, alipolihadithia, watu walicheka. Walimpa jina, Mama Mfalme. Akipita sokoni, "Mama Mfalme, mwanao hajambo?" Mwisho akaacha kulisema, isipokuwa kwa Rehema. Alikuwa akinipigia simu kila Idi, na kila Idi nilikuwa nikijiandaa kumwuliza kama anawaza habari za Nasir, na kila mara yeye ndiye aliyeniwahi. "Huko mjini hujamwona?" Sikumwona kamwe. Yuko mahali fulani katika mji huu, mwanamume wa ndevu, na hajui.

Ijumaa imefika na imepita, na ngoja niseme ilivyokuwa. Rehema alikuja mapema, amevaa sare ya hoteli, kitambaa shingoni, kimo kirefu kama cha mama yake. Akaketi kando ya cherehani. "Mama mdogo, nataka uniambie kweli, hata kama ni mbaya. Mama alikuwa akisema nina kaka huku. Watu walisema alichanganyikiwa kwa kazi. Mimi nilikuwa namwitikia tu, nisimvunje moyo." Ile hasira ikanipanda tena. Hata huyu! Hata kwa mwanawe alikufa anaitikiwa tu. Nilitaka kumjibu pale pale, nikajizuia. "Ngoja watu wajae," nikamwambia.

Walijaa, wa Tanga na wa Unguja na wa Mombasa, wawili wa Kampala, wamekaa mpaka kwenye korido. Njeri alitoka Jebel Ali na sare yake ya ulinzi, mvi zimemjaa, amebeba chupa kubwa ya chai. Tukasoma, tukaomba dua, vitumbua vikazunguka, na ulipofika wakati, mwanamke mmoja akawasha udi wa kuagia watu. "Weka chini chetezo," nikasema. Akanitazama. "Kiweke chini, mwanangu. Leo hakuna anayenyanyuka." Akakiweka. Nikasimama katikati ya chumba changu, nikasema yote, kama nilivyoyaandika hapa ila kwa ukali zaidi, nikasema nimeona kwa macho haya na nimesikia kwa masikio haya, kwamba Mwanaidi alimnyonyesha Nasir mpaka akaota meno, na ahadi ilitolewa mbele yangu, na Rehema binti wa Mwanaidi ana kaka wa ziwa moja katika mji huu. Njeri akaweka kikombe chake chini. "Mimi si wa dini yenu," akasema, "lakini supu nilipika mimi. Na hiyo haikuwa supu ya yaya. Ilikuwa supu ya mzazi." Wanawake wakaanza kuitikia, mmoja hapa, mmoja mlangoni. "Tumesikia." "Tumesikia, wallahi."

Nilimgeukia Rehema nikidhani analia. Hakuwa akilia. Alikuwa amekaza macho kwenye mkeka.

"Na mimi, mama mdogo?" akauliza. "Mwaka huo mimi nilikuwa nakunywa nini?"

Ningeweza kusema sijui. "Uji wa mchele," nikasema. "Mwepesi."

Akaitikia kwa kichwa mara chache, kama mtu anayethibitisha jina la mgeni pale mapokezi kwake. Kisha akanyanyuka, akainama, akachukua chetezo pale chini, akapuliza makaa mpaka yakawaka. Wanawake wakaanza kukusanya mikoba yao. Lakini Rehema hakupita. Alisimama mlangoni nacho, moshi unampanda usoni, na hakuna aliyethubutu kuinuka.

"Sema tena, mama mdogo," akasema. "Anza na jina la mama."

Nikaanza.